Pesa ya Thika irudi Thika? Uzi wa risiti za guka

Uzi mrefu leo, chukua chai. Kanuni ni ile ile ya nyuzi zangu zote: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunafuata pesa.

Juzi nilikuwa kwenye matatu kutoka Ruiru kwenda Thika, na abiria wawili wakaanza ule mjadala ambao kila mtu wa Kiambu anaujua. Mmoja anasema viwanda viko Thika, maduka yako Thika, mbona pesa ikalishe makao makuu kule Kiambu mjini? Mwingine anamjibu kwamba watu siku hizi wako Ruiru, Thika inaishi kwa jina. Kufika Witeithie, mzee aliyekaa kiti cha nyuma akawakata: "Nyinyi mnagombania pesa na hata hamjui inatoka wapi." Tukanyamaza sote, mimi pia, na ni mimi ndiye nasomea siasa chuoni.

Niliporudi nyumbani nikafungua sanduku la bati la guka. Alifariki nikiwa kidato cha pili, akaacha vitu vichache, lakini risiti hakuwahi kutupa hata moja. Za wakati wa mkoloni, za baada ya uhuru, za kioski alichokuwa nacho Thika miaka ya themanini. Alikuwa akisema ukiwa na risiti hakuna atakayekulipisha mara mbili. Nilidhani ni mambo ya uzee.

Basi tuzisome kutoka chini ya sanduku kwenda juu, na tuanze hata kabla hajazaliwa.

Waingereza walianza kutoza kodi ya nyumba 1901, mwaka ule ule reli ilipofika ziwani. Kila nyumba ilihesabiwa. Mzee mwenye wake watatu, kila mke na nyumba yake, alilipa mara tatu. 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa ili vijana wasio na nyumba wasiponyoke. Serikali ilitaka pesa, ndio, lakini ilitaka pia mikono. Kodi ilidaiwa kwa pesa taslimu, na njia ya haraka ya kupata pesa taslimu ilikuwa kwenda kuchuma kahawa ya mzungu au kukata mkonge wake. Mashamba ya Ruiru na Thika yalipata vibarua wake kwa njia hiyo. Reli ndogo kutoka Nairobi ilifika Thika 1913 kubeba mazao.

Sasa sikia hii. Serikali ilipojaribu kuwatoza walowezi ushuru wa mapato mwanzoni mwa miaka ya 1920, walipiga kelele mpaka ukafutwa. Ulirudi 1937. Yaani kwa zaidi ya miongo mitatu, ukitoa kipindi kifupi, mtu wa kibanda analipia kibanda na mtu wa maelfu ya ekari haguswi faida yake. Wakati mwingine mtu akikuambia Wakenya hawapendi kulipa ushuru, muulize Wakenya gani, na mwaka gani.

Baada ya Vita vya Kwanza hali ikawa mbaya zaidi. Kodi ilipanda, na waajiri wakatangaza kwamba mishahara ya Waafrika itakatwa kwa theluthi. Kijana mmoja wa Kiambu, aliyekuwa mpiga simu katika idara ya hazina ya serikali yenyewe, akaanza kuhutubia mikutano. Jina lake limeandikwa kwenye barabara pale Nairobi, mnalijua, nami nashika kanuni yangu. Alikamatwa Machi 1922, umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi kumdai, na ukapigwa risasi. Watu wasiopungua 20 waliuawa. Baadaye kodi ikashushwa kutoka shilingi 16 hadi 12. Shilingi nne. Nimezifikiria hizo shilingi nne sana.

Baada ya hapo ndipo mkoloni akaleta kitu kinachofanana na serikali ya mtaa kwa Waafrika. Sheria ya 1924 iliunda mabaraza ya wenyeji kwa kila wilaya, mwenyekiti akiwa mkuu wa wilaya, yaani mzungu. Mabaraza hayo yaliruhusiwa kutoza watu wake ada ya ziada kwa ajili ya shule, barabara ndogo na zahanati. Watu wa Kiambu walikubali kutozwa kwa sababu walitaka shule, na hiyo ni sehemu ya historia tunayoisahau: watu maskini, ambao tayari wanalipa kodi ya Nairobi, wanakubali kujitoza tena kwa kitu watakachokiona kwa macho.

Upande wa pili wa mto kulikuwa na mpango tofauti. Maeneo ya walowezi, ambayo Thika na Ruiru zilikuwa ndani yake, yalipata mabaraza yao chini ya sheria ya 1928. Hayo yalitegemea sana ruzuku ya barabara kutoka serikali kuu. Kwa hiyo mzee wa Gatundu anajenga shule yake kwa ada yake mwenyewe, na barabara ya kupita kwenye shamba la kahawa inajengwa kwa mfuko ambao mzee huyo huyo ameuchangia. Mabaraza mawili, mto mmoja. Ule mjadala wa kwenye matatu, wa nani anachanga na nani anakula, ulizaliwa hapo.

Tufike kwa risiti zenyewe. Zile nyingi zaidi kwenye sanduku ni za ushuru ambao wazee wanauita GPT, ushuru wa kila mtu mzima kulingana na kipato chake. Baada ya uhuru ulikuwa ndio uti wa mgongo wa mabaraza ya wilaya. Mabaraza yalikuwa na kazi kubwa hasa: shule za msingi, afya, barabara za mashambani. Haikuwa kuzoa taka tu na kukimbizana na wachuuzi.

Shida ya GPT ni jinsi ilivyokusanywa. Ulisimamishwa njiani uonyeshe risiti. Guka alilala ndani usiku mmoja kwa sababu risiti ilibaki kwenye suruali nyingine. Cucu alitembea alfajiri kuileta. Wapi na nani alimkamata, hayo hakuyasema, na hata angesema nisingeandika. Lakini tangu siku hiyo risiti zilihamia kwenye bati.

Wengi walikwepa, wengine hawakuwa nayo kweli, na mabaraza yakaanza kushindwa kulipa walimu. Serikali kuu ingeweza kuyasaidia yakusanye vizuri zaidi. Ilichagua kitu kingine. Sheria ya 1969, iliyoanza kazi Januari 1970, iliyanyang'anya mabaraza ya wilaya elimu ya msingi, afya na barabara, na GPT yao ikaenda pamoja na kazi hizo. Manispaa ziliachiwa kwa muda. Miaka michache baadaye GPT yenyewe ikafutwa, na 1973 ukaja ushuru wa mauzo, unaokatwa dukani bila wewe kuonyesha risiti kwa mtu yeyote. Ndio babu wa VAT ya leo.

Kama utakumbuka mwaka mmoja tu kwenye uzi huu, kumbuka huo wa 1970. Kabla yake, mtu wa kijijini alimlipa diwani na akamdai diwani shule. Baada yake, anailipa Nairobi bila kujua kila anaponunua sabuni, na diwani amebakiwa na nini? Leseni. Ada ya soko. Ada ya mazao. Na kodi ya ardhi mijini. Ushuru mkubwa usioonekana ukaenda juu, na ule mdogo wa kuudhi ukabaki chini. Halafu tunashangaa kwa nini Mkenya anamchukia kanjo kuliko anavyomchukia mtu wa ushuru wa Nairobi. Kanjo anamwona. Amebeba kitabu cha risiti na rungu.

Kuna hadithi ya Uingereza inayofanana na hii kinyumenyume, na inafaa kwa wale wanaosema wenzetu walishamaliza haya. 1989 serikali yao iliondoa kodi ya nyumba ya mabaraza huko Scotland, 1990 ikafuata England na Wales, na badala yake kila mtu mzima akatozwa kiasi sawa katika baraza lake, tajiri na dereva wake pale pale. Hoja ilikuwa kwamba kila mpiga kura akihisi uchungu wa bajeti ya mtaa, atachagua madiwani wasiopoteza pesa. Watu walikataa kulipa, London ikawaka Machi 1990, na kabla ya mwaka kuisha waziri mkuu alikuwa ameondoka. Kodi ya kichwa, manze, ile ile waliyomtoza baba ya guka, ilichangia kumwangusha waziri mkuu ilipofika kwao.

1993 wakarudi kwenye nyumba. Kila nyumba iliwekwa kwenye kundi kulingana na thamani yake ya Aprili 1991, na nyumba ya kundi la juu kabisa inalipa mara tatu tu ya nyumba ya kundi la chini kabisa, hata kama thamani yake ni mara kumi. Wales walipima upya. England mpaka leo inatumia bei za 1991, kwa sababu hakuna serikali inayotaka kuwa ile iliyowaamsha watu asubuhi moja na kuwaambia nyumba yenu imepanda. Kumbuka hilo, tutalirudia Ruiru.

Hapa kwetu mabaraza yaliendelea kukauka miaka ya sabini na themanini. Kisha ikaja ada ya huduma. Sheria yake ni ya 1988, na kwenye bati la guka ipo: mwajiriwa anakatwa kidogo, biashara inalipa, pesa inabaki kwa baraza. Wazee niliowauliza Thika wanaikumbuka kwa uchungu, lakini wengine wao wanakiri kwamba ndiyo pesa ya mwisho iliyokuwa ya mji wenyewe. Ilifutwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Badala yake, kuanzia Julai 1999, mabaraza yakapewa asilimia 5 ya ushuru wa mapato wa taifa, mgao mkubwa ukifuata idadi ya watu. Wengi waliita huo ukombozi. Mimi nauona kama hatua nyingine ya njia ile ile: unaacha kukusanya chako, unaanza kusubiri cha mwenzako.

Na 2003 wabunge nao wakajipatia mfuko wa maeneobunge, ukianza na asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Ikawa darasa linajengwa na mtu ambaye kazi yake kikatiba ni kutunga sheria, na diwani anamwangalia tu. Hiyo ina uzi wake, siingii.

Katiba ya 2010 ilikuja kubomoa yote haya, angalau kwenye karatasi. Mabaraza 175 yalifutwa, kaunti 47 zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Sasa ifungue katiba yenyewe, kifungu cha 209. Serikali ya kitaifa: ushuru wa mapato, VAT, forodha, ushuru wa bidhaa. Kaunti: kodi ya ardhi na majengo, ushuru wa burudani, na ada za huduma inazotoa. Nyingine yoyote mpaka Bunge liruhusu. Ukishaisoma hiyo orodha, iweke kando ya 1970. Mgawanyo ni ule ule! Tulipeleka kazi chini, hospitali zikashuka, barabara zikashuka, kilimo kikashuka. Ushuru wenye nguvu ulibaki juu.

Ndiyo maana kaunti zote zikijumlishwa, kufikia mwaka wa fedha 2023/24, zilikuwa hazijawahi kukusanya zenyewe bilioni 60 kwa mwaka, huku mgao kutoka Nairobi mwaka huo ukiwa bilioni 385 na ushee. Wachambuzi wa runinga hupenda kusema hapo kwamba kaunti ni zembe. Baadhi ni zembe, sikatai. Lakini ukimpa mtu shamba la mawe na jirani yake bonde la mto, usimlinganishe kwa magunia.

Kuhusu asilimia 15. Kila mjadala lazima mtu aseme katiba inazipa kaunti asilimia 15, na mwingine ajibu kwamba tayari zinapata zaidi ya 20. Wote wawili hawadanganyi, na wote wawili wanakuficha kitu. Katiba inasema kiasi kisichopungua asilimia 15 ya mapato kulingana na hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Bunge likichelewa kuidhinisha, unapima mgao wa leo kwa mapato ya zamani. Mgao wa 2024/25 ulipimwa kwa mapato ya 2020/21, ukaonekana kama karibu asilimia 25. Upime kwa pesa ambayo serikali inakusanya mwaka wenyewe, uone jinsi asilimia inavyonywea. Kwa hiyo mtu akikutajia asilimia, muulize swali moja tu: ya mwaka gani?

Na huo mgao wa 2024/25 una hadithi. Sheria ya kwanza ilizipa kaunti bilioni 400.1. Kisha ikaja Juni, tulijaa barabarani, Mswada wa Fedha ukaondolewa, nasi tukashangilia. Mimi nilishangilia, sauti ilikauka siku mbili. Wiki chache baadaye serikali kuu ikasema sasa pesa imepungua, kaunti zipewe 380. Seneti ikakataa, wakavutana, wakamaliziana kwa 387.4. Sisemi tulikosea kuandamana. Nasema hakuna mtu kati yetu pale Thika Road aliyekuwa amefikiria kwamba sehemu ya ule ushindi italipwa na zahanati ya wadi.

Sasa nije Kiambu, maana hapa ndipo sisi tuna historia ambayo wenzetu wa kaunti nyingine wanaisoma kwenye vitabu vya sheria.

Mwaka wa kwanza wa ugatuzi, bunge letu la kaunti lilipitisha Sheria ya Fedha ya 2013 yenye ada mpya na ada zilizopanda. Watu walishtuka. Wakazi wakaenda Mahakama Kuu wakisema hatukuulizwa. Kaunti ikajibu kwamba ilitangaza na kuita mikutano. Aprili 2014 jaji akaifuta sheria yote. Hakuifuta kwa sababu ada zilikuwa kubwa. Aliifuta kwa sababu kushirikisha umma kulikuwa kwa jina tu. Alisema, kwa maneno yangu, kwamba tangazo moja halitoshi: bunge la kaunti lina wajibu wa kuwafuata watu makanisani, misikitini, kwenye mabaraza ya wazi, kwenye redio za kitaifa na za lugha za mama, mpaka wajue. Mahakama ya Rufaa baadaye ilikubaliana naye. Leo hakuna kesi ya ushirikishaji wa umma Kenya, iwe ya mswada wa kaunti au wa taifa, inayosikizwa bila mtu kuitaja hiyo ya Kiambu.

Yaani sisi watu wa kando ya Thika Road, ambao tunafikiri historia ilitokea Nairobi, ndio tuliolazimisha nchi iulize watu kabla ya kuwatoza. Miaka 92 baada ya ule umati wa nje ya kituo cha polisi.

Lakini kuna kitu kesi haikugusa, na ndicho kinachoniuma zaidi. Nani anatozwa?

Thika Road mpya ilifunguliwa 2012. Ilijengwa na serikali ya kitaifa kwa mikopo ambayo sote tunailipa, hata mtu wa Lodwar. Zamani Ruiru ilikuwa mji mdogo kati ya mashamba ya kahawa. Leo mashamba yamekatwa ploti, ghorofa zimeota kutoka Kihunguro mpaka Kimbo, na sensa ya 2019 ilionyesha Ruiru imeipita Thika kwa watu. Aliyekuwa na ekari pale kando hakufanya chochote. Alilala, barabara ikaja, akaamka tajiri.

Kodi ya ardhi ya Kenya ilibuniwa hasa kwa mtu huyo. Tofauti na Uingereza, sisi kwa kawaida hatutozi nyumba, tunatoza thamani ya ardhi tupu. Ukijenga, hulipi zaidi. Ukiacha nyasi, hulipi kidogo. Kwenye vitabu ni ushuru mzuri sana, wachumi wanaupenda, kwa sababu ardhi haiwezi kukimbia wala kufichwa chini ya kitanda. Lakini unategemea daftari la thamani, na daftari linatakiwa kupimwa upya kila baada ya miaka michache. Nairobi ilikaa na daftari la 1982 kwa karibu miaka 40. Kila meya, na baadaye kila gavana, alikuja akaliangalia, akaliacha. Sababu ni ile ile ya England na 1991.

Nitafanya hesabu ya kubuni, mtu asiniletee ati ni takwimu rasmi. Tuseme ploti iliandikwa kwenye daftari la zamani kwa shilingi 100,000, na kodi ni asilimia 2. Mwenyewe analipa 2,000 kwa mwaka, hata kama leo angeiuza milioni tano. Sasa mchukue mama mboga. Tuseme ada ya soko ni shilingi 30 kwa siku, na anafungua siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 780 kwa mwezi, 9,360 kwa mwaka. Bado leseni. Mama mboga analipa zaidi ya mara nne ya mtu wa milioni tano, na akikosa siku moja vitunguu vyake vinapanda gari la kanjo. Ploti haipandi gari.

Mtu wa mlowezi na mtu wa kibanda, tena. Ngozi tu ndiyo imebadilika.

Mwishoni mwa 2024 nchi ilipata sheria mpya ya kodi ya ardhi kuchukua nafasi ya zile za tangu wakati wa uhuru. Ni hatua. Lakini sheria haiwezi kumpa gavana ujasiri wa kupima upya ardhi ya watu waliochangia kampeni yake, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi au mwaka wowote. Na kuna wasiwasi wa kweli upande wa pili pia, nisiuonee: cucu wa Ruiru aliyebaki na nusu ekari ya urithi, katikati ya maghorofa, hana mshahara. Thamani yake imepanda kwenye karatasi, mfuko wake uko pale pale. Ukipima upya bila kumfikiria yeye, unamfukuza. Dawa ipo, unaweza kumwahirishia deni mpaka ardhi iuzwe au irithiwe. Bado sijasikia mtu akiipigia kampeni hiyo kwenye mjadala wa runinga. Haina mdundo.

Turudi kwenye matatu. Pesa ya Thika irudi Thika? Kwa haki, abiria yule ana hoja. Zamani manispaa ya Thika ilikuwa na meya, bajeti yake na leseni zake. Leo ina bodi ya manispaa, Ruiru pia ina yake, lakini mfuko uko kaunti, na bodi inangojea kama kaunti inavyongojea Nairobi. Kusubiri juu ya kusubiri. Ndiyo maana watu wanataka Thika iwe jiji. Wanadhani jina litaleta hazina. Halileti. Sheria ilishusha idadi ya watu inayotakiwa kwa jiji hadi 250,000, lakini haikumpa jiji ushuru wake mwenyewe.

Ila nani hasa ni "Thika"? Kiwanda kiko Thika, mfanyakazi analala Ruiru, ushuru wa mshahara wake unaenda Nairobi, ada ya kuegesha gari anaiacha Nairobi CBD, na taka zake zinabaki Ruiru. Na ukisema kila mji ule chake, jiandae kumjibu mtu wa Gatundu Kaskazini ambaye maji yake ya bwawa la Karimenu na mito ya huko ndiyo Nairobi inakunywa. Pale 2020 Seneti ilipovutana vikao kumi kuhusu fomyula ya mgao, sisi wa kaunti zenye watu wengi tuliimba mtu mmoja, shilingi moja. Wa kaskazini wakauliza, kilomita za barabara tuzihesabu vipi? Ilimalizika kwa kuongeza pesa ili asipoteze mtu, na Kiambu ikatoka kwenye bilioni 9.4 hadi 11.7. Nilikuwa kidato cha tatu, nikafikiri tumeshinda. Sasa ndani ya Kiambu wenyewe tunataka kanuni ile ile igeuzwe: tusihesabu watu, tuhesabu viwanda. Chagueni moja.

Mama ndiye aliyenifanya niandike uzi huu. Ana kibanda Ruiru, karibu na steji. Wiki hii alileta nyumbani karatasi waliyogawiwa sokoni: mkutano wa kutoa maoni kuhusu Mswada wa Fedha wa kaunti, Alhamisi, saa tatu asubuhi. Saa tatu asubuhi ndio saa ya mauzo. Akaniuliza, wewe unayesoma, niende au niuze?

Nilitaka kumweleza kuhusu 1922, kuhusu jaji, kuhusu kifungu cha 209. Badala yake tukafungua mswada kwenye simu, tukaruka kurasa zote za mbele, tukaenda kwenye jedwali la nyuma kabisa, maana ada zote huwa zimefichwa hapo. Mstari wake tuliupata. Umepanda shilingi kumi kwa siku. Kisha nikatafuta mstari wa ardhi isiyojengwa. Mama akavaa miwani, akausoma mara mbili, akanyamaza.

Akatoa ile risiti ya siku hiyo kwenye leso, akaiweka kwenye bati pamoja na za guka, na akasema Alhamisi nitamshikia kibanda mimi.